Shamba la Nani, na Tangu Lini?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za huku kwetu hukaa kikao. Safari hii kikao kilikuwa Kiwangwa, uani kwa shangazi yangu, mikeka imetandikwa chini ya mwembe, birika la chai linazunguka. Binti wa nyumba amefaulu HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) kwa alama nzuri, naye amesema anataka kwenda chuo kikuu kusoma historia na sosholojia. Mjomba wake, mtu wa busara ambaye ndiye atakayebeba sehemu ya ada, akamwambia kwa upole: “Mwanangu, historia ni habari za waliokufa, na hiyo nyingine ni habari za majirani. Zote zipo hapa kijijini, bure.” Watu wakacheka. Kisha akafunga hoja kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka.

Sikumjibu palepale. Kwetu mtu hamkatizi mjomba wa mtoto mbele ya wageni. Lakini kauli ile si yake peke yake, na ndiyo maana naandika. Nimeisikia kwa walimu wa sekondari, kwa maofisa, kwa wazazi wenye nia njema, hata kwa wahadhiri wanaomvuta mwanafunzi pembeni wamwambie achague upande mmoja. Wanasema masomo haya hayana ajira, wanasema ni maarifa ya barazani, na wakiishiwa wanasema ukiyachanganya utatoka hujui hili wala lile. Hoja hii ya mwisho ndiyo watu huiona ina nguvu kuliko zote. Mimi naiona ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo nitakayoishika kwa mikono miwili.

Nianze na shamba, maana huku kwetu mambo mengi huishia shambani.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao cha baraza la ardhi la kijiji kimoja kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Siku hiyo waliletewa ekari mbili za mananasi. Bwana mmoja wa makamo alikuwa amelima pale miaka kumi na moja mfululizo, na mkononi ana karatasi yenye muhuri. Mlalamikaji, mama wa watoto wanne, anasema ardhi ni ya bibi yake mzaa mama. Baba wa huyo bwana aliazimwa tu, alime mihogo na mahindi.

Kwa desturi ya pwani, mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na minazi yake juu ya ardhi ya mwingine, na aliyeazimwa shamba hukatazwa kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mti ni ushahidi. Ukipanda mwembe, mnazi au mkorosho, umejitangaza mwenye mali. Mihogo na mahindi haina shida, huvunwa ikaisha. Je, nanasi? Unapanda chipukizi, unangoja kiasi cha mwaka mmoja na nusu upate tunda la kwanza, halafu shina linatoa machipukizi mengine na shamba linaendelea kuzaa. Mti si mti, zao la msimu si zao la msimu. Wajumbe walibishana mpaka jua likahama mahali pake. Mwisho bibi mmoja mjumbe, aliyekuwa kimya muda wote akisuka ukili, akasema bila kuinua uso: “Nanasi halina kivuli.” Kila mtu pale alimwelewa. Kisicho na kivuli hakimpi mtu umiliki, hata kikae miaka kumi na moja.

Neno lile lilikuwa zito, lakini halikumaliza kesi. Kesi ilimalizwa na maswali mawili. La kwanza aliuliza katibu: baba yako aliingia lini humu? Ikajulikana kwamba aliletwa wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, alipoondolewa kwenye makazi yake ya zamani, ambayo leo ni mahame yenye miembe mitatu na kaburi. Akashushwa kando ya barabara, mahali asipokuwa na hata jembe moja la ardhi. Hakuvamia kwa mtu. Serikali ilimsogeza, mwenyeji akampa pa kulima. Swali la pili lilitoka kwa yule bibi: na mama yake huyu bwana ni nani? Wakwere, kama walivyo Wazaramo na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Majina yakatajwa, wazee wakahesabu kwa vidole, na mama wa yule bwana akaonekana ni wa ukoo uleule wa bibi mwenye shamba. Kumbe mgeni si mgeni. Wakapatana: avune mpaka mananasi yachoke, kisha ekari moja irudi kwa mlalamikaji na moja abaki nayo yeye, kama mtoto wa ukoo.

Lingeulizwa “tangu lini” peke yake, aliyekaa miaka mingi angebeba yote. Lingeulizwa “nani kwa nani” peke yake, yote yangekwenda kwa mjukuu wa bibi, na familia iliyokwisha kuhamishwa mara moja kwa amri ingehamishwa mara ya pili. Suluhu ilipatikana pale maswali yote mawili yalipokaa kwenye mkeka mmoja. Basi mjomba, methali yako ni ya kweli kwa mtu aliyeshika vitu viwili. Historia na sosholojia ni kitu kimoja kilichokatwa na vyuo kwa ajili ya ratiba na vyeo vya idara. Anayeambiwa achague upande anaambiwa ashike nusu ya shoka: ama mpini, ama chuma.

Ibn Khaldun hakuujua mpaka huo. Alipoandika Mukadima yake mwaka 1377 alitaka kufahamu dola huinuka na kuanguka vipi, na ili afahamu ilimbidi achunguze watu wa jangwani na watu wa mjini wanavyoshikamana na wanavyoachana. Lakini sina haja ya kwenda mpaka Maghribi kutafuta shahidi. Yupo wa Bagamoyo hapa, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 huko Göttingen kikachapishwa kitabu Desturi za Wasuaheli, ambacho Carl Velten alikitoa kwa jina lake lakini sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Kifungue uone mambo yaliyomo: uzazi, malezi, jando, harusi, ngoma, madeni, safari za bara, majumbe, utumwa. Ukisoma habari za utumwa huwezi kusema ulipo mwisho wa desturi na mwanzo wa historia. Hatosheki kusema “mtumwa”. Anamtenga mzalia, aliyezaliwa pwani katika nyumba ya bwana wake, na mjinga aliyetoka bara juzi, na anaonyesha jinsi heshima ya mtu ilivyobadilika kadiri alivyokaa mjini. Huyo alikuwa Mswahili akiandika Kiswahili, zaidi ya miaka 120 iliyopita, na hakuna aliyemwambia achague idara.

Najua atakavyojibu mjomba: umeona? Mtoro aliyatoa haya kwao, bure, kama nilivyosema. Ni kweli, habari ilikuwa ya kwao. Lakini kijijini habari zina wenyewe, na kila mwenye habari ana shamba lake. Kwenye lile baraza pande zote mbili zilikuja na historia, kila moja imenyooka, na haziwezi kuwa kweli zote. Kupima simulizi ya mtu dhidi ya simulizi ya mwingine, kuuliza msimuliaji anapata nini ikiaminiwa, kuitafuta karatasi ya zamani na kujua iliandikwa na nani kwa kumwogopa nani, huo ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Hatusemi kwamba kwa kuwa kila nyumba ina mgonjwa basi udaktari tusome uani.

Ufundi huo ukikatwa nusu, unaua maana. Chukua vita vya 1888. Watoto wetu wengi bado wanavisoma hivi: Waarabu wa pwani walikasirika Wajerumani kuingilia biashara yao, wakapigana, Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889, funga daftari. Simulizi hiyo ilifaa sana kule Ujerumani. Januari 1889 Kansela Bismarck alihitaji bunge litoe fedha za kumtuma kamanda Wissmann na jeshi lake, na jina la “uasi wa Waarabu” wenye kutetea biashara ya watumwa lilikubalika kirahisi. Jina likabaki, likaingia vitabuni, likafundishwa kwa wajukuu wa watu waliopigana. Mwaka 1995 mwanahistoria Jonathon Glassman alitoa kitabu kilichorudi kwenye miaka ile na swali ambalo mwanasosholojia yeyote angeanza nalo: ule umati uliojaa njiani ulikuwa wa nani? Akawakuta wapagazi, vibarua wa mashamba, watumwa waliokuwa wakidai uungwana, watu wa bara walioshuka na misafara, majumbe wanaoshindana kwa karamu na ngoma. Mjerumani walimkasirikia, na matajiri wa mji waliowanyima nafasi waliwakasirikia pia. Tarehe zote zilikuwa zinajulikana kwa miaka mia moja. Watu ndio waliokuwa hawaonekani. Steven Fabian naye, katika kitabu chake cha 2019, akaichukua Bagamoyo peke yake na kuuliza Mbagamoyo ni nani hasa, akionyesha jinsi watu wa asili tofauti walivyojijenga kuwa watu wa mji mmoja. Jibu lake halimo katika kabila wala katika dini peke yake, na asingelipata bila kufuata miaka.

Upande wa pili nao una hatari yake, na ni mbaya kwa namna ya pekee kwa sababu huvaa nguo ya heshima kwa utamaduni wetu. Mwanasosholojia asiye na historia anafika kijijini, anaona watu wanafanya jambo, anaandika: hii ni desturi yao. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichunguza Uzaramo wakati wa kuzuka vita vya Majimaji. Anaeleza jinsi wanaume walivyoondoka kwenda kufanya kazi za ujira, huku serikali ya Wajerumani ikibana uwindaji, nguruwe mwitu wakaongezeka, na wanawake wakabaki kulinda mazao peke yao usiku, njaa ikinyemelea. Hebu fikiria mtafiti mwenye haraka angepita hapo mwaka 1905. Angeandika kwamba kwa Wazaramo kulinda shamba ni kazi ya mwanamke. Angekuwa ameona kwa macho yake, na angekuwa amekosea. Desturi aliyoiona ina umri wa miaka michache tu, nayo ni jeraha.

Watafiti wa namna hiyo tunao leo, na wanalipwa vizuri. Huja kijijini na vishikwambi, siku mbili, dodoso lina maswali arobaini, la kwanza: nani mkuu wa kaya? Nimemwona mama mmoja wa Kikwere akiulizwa swali hilo mlangoni kwake. Akanyamaza, akatazama ndani alikolala mumewe, akatazama upande wa pili wa njia kwa kaka yake, ambaye ndiye mjomba wa watoto na ndiye anayesikilizwa wakioa na wakigombana. Kijana wa dodoso akamsaidia: “Weka baba.” Akabonyeza, akaendelea. Kwa kubonyeza kule, utaratibu mzima wa ukoo wa mama ulifutika kwenye takwimu.

Na si kwamba hatujui kufanya vizuri zaidi. Kuanzia 1975, hukuhuku magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo, ulikuwapo mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo, ulioendeshwa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana pamoja na Akademia ya Finland. Marja-Liisa Swantz, aliyekwisha kuandika juu ya ibada na ishara za Wazaramo, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Watafiti walikaa na watu. Wanakijiji walishiriki kuuliza na kujibu. Ulla Vuorela alifanya kazi Msoga, na mwaka 1987 akatoa kitabu kizima kuhusu kazi za wanawake wa kijiji hicho, uzazi na namna jamii inavyojiendeleza kizazi hadi kizazi. Msoga si mbali na Kiwangwa. Kitabu kizima juu ya majirani zetu, na sijawahi kukutana na ofisa ardhi wala ofisa maendeleo ya jamii wa kwetu aliyekisoma. Hilo linanikera kuliko neno lolote la mjomba.

Matokeo ya kutojua hayo yanaonekana kwenye ardhi. Kaskazini yetu, kuelekea Mto Wami, ipo ardhi iliyokuwa Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyokabidhiwa Serikali ya Zanzibar miaka ya 1970. Ranchi ilipodorora watu waliishi mle, wakalima, wakachoma mkaa, wakachunga. Baadaye ikaja kampuni ya Kiswidi na mpango wa mashamba ya miwa ya hekta zipatazo 20,000. Hati ikatolewa 2013, na 2016 serikali ikaifuta. Katikati ya hapo watu waliishi miaka wakiambiwa watahamishwa, hawajui wapande nini wala wajenge nini. Waliitwa wavamizi. Lakini kati ya hao “wavamizi” walikuwamo watu waliokuwa wafanyakazi wa ranchi yenyewe. Neno moja likafuta miaka ya mtu. Na swali la fidia, alipwe nani na ahesabiwe nani katika nyumba, likawaangukia wanawake vibaya, kama alivyoeleza Youjin Chung katika kitabu chake cha 2023 juu ya ardhi hiyo. Mpimaji ardhi alikuwapo, mwanasheria alikuwapo, mhandisi wa umwagiliaji alikuwapo. Aliyekosekana mezani tangu siku ya kwanza ni mtu wa kuuliza: hawa ni nani, na wapo hapa tangu lini?

Sasa ajira. Siwezi kumdanganya binti wa shangazi yangu. Sosholojia haifundishwi katika sekondari zetu, kwa hiyo anayeisoma bila ualimu hana darasa linalomsubiri. Bodi ya Mikopo ina vipaumbele vyake, na sayansi, afya na ualimu hutangulia. Hayo ni kweli. Lakini tuambiane ukweli wote. Walimu waliohitimu wapo mitaani miaka, wamefuata ushauri uleule wa kusoma chenye ajira. Waliosomea afya nao wapo. Ukimpeleka mtoto mahali asipopapenda kwa sababu ya ajira, kisha ajira isije, umempotezea vyote viwili. Na kazi za masomo haya zipo, ila hazitangazwi kwa jina la masomo yenyewe. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limepita kwenye mashamba na makaburi ya watu. Kila kilomita ilihitaji mtu wa kukaa na wenyeji na kujua makaburi ni ya nani. Bagamoyo, ikiwa sehemu ya njia ya misafara ya watumwa na pembe mpaka Ujiji, iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Kuitoa hapo kuifikisha kwenye orodha kamili si kazi ya kupaka chokaa magofu. Na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni. Linahitaji waandishi wa vitabu wanaojua kwamba taifa lina watu ndani yake, si marais tu.

Kuna lawama moja naikubali, na naikubali kwa uchungu. Masomo haya mara nyingi hufundishwa vibaya. Mimi mwenyewe, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikaa ukumbi mmoja na mamia ya wenzangu, nikafaulu mtihani kwa madesa ya kununua steshenari, na kwa miaka mitatu sikupelekwa kijijini hata siku moja. Mwalimu wa historia na mwalimu wa sosholojia walikuwa na milango inayotazamana, na sikuwahi kuwaona wakifundisha pamoja. Wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam wa mwaka 1968 walitumwa kusini kwenda kukusanya simulizi za Majimaji kwa wazee waliokuwa bado hai. Wale wazee hawapo tena. Tulichonacho ni kile ambacho vijana wale walikiandika. Hivi sasa Kiwangwa, Msata na Miono wapo wazee wachache waliokuwa watu wazima wakati wa Operesheni Vijiji, wanaojua nani alitolewa wapi na nani aliazimwa nini na nani. Mananasi yamepandisha bei ya ardhi, na barabara ya lami imeipandisha tena, wanunuzi kutoka Dar es Salaam wanakuja kila wiki, na migogoro kama ile ya ekari mbili itakuja kwa makumi. Yule bibi wa ukili alifariki mwaka juzi. Hakuna aliyekuwa ameandika alichokuwa anakijua.

Mjomba, dirisha la maombi ya vyuo bado halijafungwa. Sehemu yangu ya ada nimeshampa shangazi. Imebaki yako.